Vioo vya gari vinapojifunga vyenyewe

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni Jumamosi iliyopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuwahi kuyasikia.)



Wiki iliyopita nilizungumzia vibaka wa mjini wanaonyofoa vifaa vya magari, hasa zile swichi za vioo ambazo wenyewe tunaziita pawa windo. Katika kupita nikagusia kwamba siku hizi kuna kidude unachoweza kufungiwa na fundi, ukabonyeza rimoti mara moja, milango ikajifunga na vioo vyote vikapanda vyenyewe. Nilisema sentensi moja tu, kisha nikaendelea na habari za taa na vioo vya pembeni. Kumbe sentensi ile ndiyo watu waliyoishika. Tangu Jumapili asubuhi simu yangu haikupumzika, na karibu wote waliuliza mambo yaleyale mawili: kinauzwa wapi, na kinafungwaje? Mama mmoja alinisimamisha nje ya ofisi yetu akaniambia anakitaka kabla ya masika.

Basi leo nitawajibu. Ila nitawajibu kwa kirefu, maana kidude hicho nilikuwa nacho, na nusu yake sasa imekatwa na kufungwa kwa utepe mweusi.

Tuanze na mvua. Kiyoyozi cha gari langu kilikwisha kufa siku nyingi. Ni kigari kidogo cha Kijapani, mtumba wa mtumba, na mimi huendesha vioo vikiwa chini kama watu wengi wa Dar es Salaam wenye magari ya aina hiyo. Masika ya mwaka juzi nilikwenda kwenye mkutano wa waandishi wa habari, nikaegesha chini ya mwembe, nikabonyeza rimoti, gari likalia pip, nikaingia ndani nikiwa na hakika kwamba nimelifunga. Milango niliifunga kweli. Vioo viwili nilivisahau chini. Ile mvua ya saa nane mchana mnaijua wenyewe, haianzi kwa kudondoka, inamwagwa. Nilipotoka, kiti cha mbele kilikuwa kidimbwi, na katikati ya kidimbwi kilikuwepo kinasa sauti changu, ndani yake mahojiano ya saa nzima na mzee mmoja mvuvi ambaye nilikuwa nimemtafuta kwa wiki tatu. Kinasa hakikuwaka tena. Mzee yule alikuwa amekwisha rudi kwao Mafia. Gari nalo lilinuka kama gunia bichi mpaka mwezi wa sita.

Nadhani mtanielewa basi nikisema kwamba siku niliposikia habari za vioo vinavyojifunga, sikuuliza maswali. Nilikwenda Kariakoo, kwenye duka moja la mapambo na vifaa vya magari, nikaonyeshwa kisanduku cheusi chenye ukubwa wa kiberiti kikubwa, kimetoka waya nyingi za rangi kama ndevu. Fundi wa hapo, kijana mchangamfu, akanieleza sifa zake. "Mkuu, wewe funga mlango uende zako. Hata kama unaikimbilia boti ya Zanzibar, vioo vitapanda vyenyewe." Akafungua paneli ya mlango, akachomeka, akaunganisha, baada ya muda mfupi tu akaniita nijaribu. Nikabonyeza. Pip. Kioo cha dereva kikapanda, kikafuata cha abiria, kisha vya nyuma kimoja kimoja, kama askari wanaopeana zamu. Sina haya kukiri kwamba nilifungua na kufunga gari lile mara tano nikiwa nimesimama palepale barabarani, na machinga wawili wakaja kutazama.

Kwa miezi minne nilikuwa mtu mwenye raha. Nililisifia jambo lile kwa kila niliyemjua.

Kisha dada yangu akaja kutoka Morogoro na watoto wake. Jumapili moja nilitoka sokoni na mpwa wangu wa kike, mwenye miaka 7. Tulishuka, mimi nikabeba vikapu mikono yote miwili, nikaelekea mlangoni. Yeye akakumbuka kwamba ameacha mfuko wake wa maembe kiti cha nyuma. Hakufungua mlango. Alifanya kama watoto wote wanavyofanya, akaingiza mkono kupitia kioo kilichokuwa wazi, akajinyoosha. Mimi, bila kugeuka nyuma, nikaipapasa rimoti mfukoni kwa vidole viwili vilivyobaki, nikabonyeza. Pip.

Kwanza alisema tu, "Mjomba!" kwa sauti ya mtu anayeshangaa. Kelele zilifuata baadaye.

Kioo kilikuwa kimembana mkono juu kidogo ya kiwiko. Nilitupa vikapu, nikabonyeza rimoti kufungua. Milango ikafunguka. Kioo hakikusogea hata kidogo. Nikabonyeza tena, nikabonyeza tena. Nikajaribu kukisukuma chini kwa viganja, ni kama kusukuma ukuta. Ikabidi nizunguke mlango wa dereva, niingie, nitie ufunguo, na mikono yangu ilikuwa ikitetemeka kiasi kwamba ufunguo ulikataa tundu lake, mpaka hatimaye ukaingia, nikauzungusha, nikabonyeza swichi ya kioo cha nyuma, kikashuka. Muda wote huo mtoto analia na mama yake anatoka ndani mbio, hana hata kiatu.

Hospitali walimpiga picha. Mfupa haukuvunjika. Alikuwa na alama nyekundu iliyogeuka kuwa nyeusi, akakaa nayo wiki mbili. Dada yangu hakunigombeza. Usiku ule tukiwa tumekaa barazani aliniambia neno moja tu: "Kaka, na ingekuwa shingo?"

Sikuwa na la kumjibu. Kesho yake nikarudi kwa fundi wangu. Akasikitika, kisha akasema kwamba ningemwambia mtoto asiegemee kioo. Hapo ndipo nilipoona kwamba yeye mwenyewe hakijui vizuri kitu anachokiuza, na mimi pia nilikuwa nimekinunua bila kukijua. Nikaanza kuuliza watu wengine, mafundi wa umeme wa magari wenye umri na subira, na nitakayowaeleza sasa ndiyo niliyojifunza.

Mota ya kawaida ya kioo ina waya mbili. Umeme ukipita upande huu, kioo kinapanda, ukigeuzwa, kinashuka. Swichi ya mlangoni kazi yake ni kuugeuza tu. Kidude chetu kinachomekwa katikati ya swichi na mota, na waya wake mmoja unaunganishwa na mfumo wa kufunga milango, yaani sentro loki. Ukibonyeza rimoti, sentro loki inapata umeme, kidude kinapata habari, nacho kinapeleka umeme kwenye mota za vioo, kioo kimoja baada ya kingine, kwa sababu vikipanda vyote kwa mkupuo vinavuta umeme mwingi na fyuzi inaweza kuungua. Mpaka hapo hakuna ubaya.

Sasa jiulize: kitajuaje kwamba kioo kimefika juu? Hakina macho. Kinachofanya ni kupima umeme unaoliwa na mota. Mota inayozunguka kwa uhuru inakula umeme kidogo, lakini ikizuiwa inakula mwingi. Kioo kikigota kwenye raba ya juu, mota inazuiwa, umeme unaruka ghafla, kidude kinasema "nimefika" na kukata. Vile vya bei ya chini zaidi havipimi hata hicho. Vinahesabu sekunde, zikitimia vinanyamaza.

Umeona tatizo? Mkono wa mtoto nao unaizuia mota. Kwa kidude hiki, mkono na raba ya juu ni kitu kimoja. Kilipomfikia mpwa wangu kilihesabu kwamba kazi imekwisha, kikakata umeme, kikahamia kioo cha upande wa pili. Na kioo kile hakikulegea, kwa sababu gia ya mota ya kioo imekaa kwa namna ambayo haiwezi kuzungushwa kinyume kwa kukisukuma kioo chenyewe. Ndiyo maana kibaka hawezi kukikandamiza kioo chako chini kwa urahisi akiwa nje, na ndiyo maana mimi pia sikuweza. Rimoti nayo haikusaidia, kwa kuwa kidude kiliunganishwa na waya wa kufunga tu. Wa kufungua hakina habari nao. Swichi za milangoni zilikuwa zimelala, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu.

Nilinunua matango manne, nikaenda kufanya majaribio yangu uani, majirani wakinitazama kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Kila dirisha nikaliwekea tango moja, nikabonyeza rimoti. Kioo cha dereva kilipanda, kikaligusa tango, kikasita, kikarudi chini. Tango lilibaki na mstari mdogo tu kwenye ganda. Vile vitatu vingine sitaki kuvieleza sana. Matango yale yalibonyea mpaka maji yakachuruzika mlangoni, na vioo vikabaki vimeyang'ang'ania.

Kwa nini kile kimoja kiliona huruma? Nenda kaangalie swichi za mlango wa dereva wa gari lako. Katika magari mengi madogo yatokayo Japani utakuta neno AUTO limeandikwa kwenye swichi moja tu, ya dereva. Kioo hicho ndicho ambacho wenye kiwanda walikiruhusu kupanda chenyewe bila mtu kushikilia swichi, na kwa kuwa walikiruhusu, walikipa kinga. Ndani ya mota yake mna sumaku na kihisi kinachohesabu mizunguko, hivyo mota inajua kioo kiko wapi na kinakwenda kwa kasi gani. Kikipunguza kasi kabla ya kufika juu, inaelewa kwamba kuna kitu katikati, inageuza. Kidude changu kilikuwa kinakipa kioo hicho amri tu, na mota yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiamua. Vioo vingine vitatu havikuwa na kinga kwa sababu viwandani walitegemea kwamba atakayevipandisha atakuwa ameshikilia swichi kwa kidole chake na anaangalia. Fundi wangu alikiondoa kidole, akaondoa na macho, hakuweka kitu badala yake.

Nikatafuta kujua wenzetu waliokaa na magari miaka mingi kuliko sisi wanasemaje. Marekani wana kanuni ya usalama wa magari, namba 118, inayohusu vioo vya umeme. Kimsingi inasema kioo kisipandishwe ufunguo ukiwa umetolewa, isipokuwa kwa masharti. Ukitaka kukipandisha kwa rimoti, basi rimoti hiyo isiweze kufanya kazi ukiwa mbali zaidi ya meta 6. Ikiwa ni ya aina isiyopenya ukuta au kizuizi kingine, inaruhusiwa hadi meta 11. Maana yake ni kwamba mwenye kubonyeza awe karibu na aweze kuona. Na kama mtengenezaji hataki kufungwa na masharti hayo, sharti kioo kiwe na uwezo wa kurudi chenyewe kabla hakijabana kwa nguvu inayozidi nyutoni 100. Nyutoni 100 ni kama uzito wa kilo 10, yaani nusu ya ndoo ya maji ya lita 20. Hupimwa kwa fimbo za unene mbalimbali, kuanzia milimita 4 hadi milimita 200, kwa maneno mengine kuanzia kidole chembamba hadi kichwa. Ulaya nako kipimo cha nguvu ni hichohicho.

Mwaka 2005 Bunge lao likaagiza kanuni hiyo ikazwe zaidi, na ndipo swichi za kubonyeza zilipobadilishwa kuwa za kuvuta juu ili kioo kipande. Sababu ilikuwa watoto waliopiga magoti juu ya mlango ili wachungulie nje, goti likaikandamiza swichi, kioo kikapanda wakiwa wametoa vichwa. Hata hivyo msidhani wamemaliza kila kitu. Mwaka 2011 waliamua kutolazimisha kila kioo katika kila gari kiwe na uwezo wa kurudi. Na kanuni hiyo yote ni ya magari mapya yanayouzwa kwao. Haimfuati fundi wa Kariakoo na bisibisi yake, wala katika kusimamishwa kwangu kote barabarani, pamoja na kununua stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama kila mwaka, sijawahi kuulizwa na askari nimefungiwa nini mlangoni.

Wajerumani wana namna yao ambayo mimi naiona ya busara. Katika magari mengi ya Volkswagen na Mercedes-Benz, ukibonyeza rimoti mara moja milango inajifunga, basi. Ukitaka vioo vipande, unaendelea kukishikilia kitufe. Ukikiachia, vioo vinasimama pale vilipofika. Katika baadhi ya magari unaweza kufanya hivyohivyo kwa kuuzungusha ufunguo kwenye kitasa cha mlango na kuushikilia. Inakubidi usimame pale, na mtu aliyesimama pale kwa kawaida anatazama. Wenye magari ya namna hiyo mara nyingi hawahitaji kidude chochote. Uwezo umo tayari ndani ya kompyuta ya gari, na pengine umezimwa tu. Kabla hujatoa fedha dukani, soma kitabu cha gari lako, au mwombe fundi mwenye mashine ya kupimia aangalie kama upo wa kuwashwa. Gari lililotoka kiwandani na uwezo huo kwa kawaida limetoka na kinga yake.

Kwa sisi wengine wenye magari ya vidude, mwulize fundi jambo moja kabla hajafungua paneli: kioo kikigusa kitu, kinasimama au kinarudi? Wengi watakujibu haraka kwamba kinasimama, wakidhani hilo ndilo jibu zuri. La kwangu pia kilisimama. Usiridhike na maneno wala na maandishi ya boksini. Nunua tango, au zungusha gazeti hili ukishalisoma liwe kama bomba, uliweke dirishani mwenyewe. Usiweke mkono wako, na usimruhusu fundi aweke wake kwa kujionyesha, maana nimemwona mmoja akitaka kufanya hivyo. Jaribu madirisha yote manne, siyo la dereva peke yake, kwa sababu hilo ndilo wanalopenda kukuonyesha.

Na hata chenye kinga kinaweza kuisahau. Ukitoa betri, katika magari mengi kioo kinapoteza kumbukumbu ya mwisho wake uko wapi. Inabidi ukifundishe upya: unakishusha hadi chini, unakipandisha, na kikifika juu unaendelea kuishikilia swichi kwa sekunde kadhaa. Kitabu cha gari kitakupa utaratibu wake kamili. Vilevile vumbi letu hukausha raba za pembeni, kioo kinapanda kwa shida, kikidhani kimekamata kitu kinarudi chini bila sababu, na wenye magari huwaambia mafundi waikate ile kinga kwa kuwa inasumbua. Safisha raba, paka silikoni, siyo grisi. Kinga iache.

Yule mama wa nje ya ofisi aliniuliza pia kama akiwa na kidude hiki bado ataweza kuacha nafasi kidogo juu ya kioo kwa ajili ya wanawe, anapoingia dukani dakika mbili tatu. Hataweza, kwa sababu vioo vitapanda hadi juu. Lakini niliona vyema nimwambie na lingine. Madaktari wa California walipima joto ndani ya magari yaliyoegeshwa juani, wakatoa matokeo yao mwaka 2005. Sehemu kubwa ya joto ilipanda katika nusu saa ya kwanza, na ile nafasi ndogo ya kioo haikusaidia kitu cha maana. Watoto wateremke waende naye dukani, hata kama wataomba pipi.

Gari langu bado ninalo. Fundi mwingine alivikata vile vioo vitatu kutoka kwenye kidude, akaniachia cha dereva pekee, kile chenye huruma. Vitatu navifunga kwa swichi kabla sijatoa ufunguo, kisha nalizunguka gari nikivigusa kimoja kimoja, na masika ya mwaka jana nilisahau mara moja, kiti kikalowa tena. Kinasa sauti hakikuwemo.

Mpwa wangu alikuja likizo ya Desemba. Tuliposhuka garini alisimama mbali, mikono nyuma, akaniuliza, "Mjomba, kimeshapanda?" Nikamwambia subiri kidogo, nikabonyeza, tukakitazama wote wawili mpaka kikafika juu.

Wale wa bei, nimewasikia: bei zinabadilika kila wiki, siwezi kuzitaja hewani. Jumamosi ijayo nitarudi kwenye vituo vya daladala visivyo na paa, kama nilivyoahidi mwezi uliopita. Kwaherini.